No-gi jiu-jitsu: Jinsi ya kuipita gadi bila kukabwa shingo

Wengi wanaoanza jiu-jitsu ya Kibrazili hudhani aliyelala chali ameshashindwa. Wapi! Akiwa na miguu yake kati yake na mpinzani, ana gadi, na hapo anaweza kukaba shingo, kunyoosha kiwiko mpaka kiumie au kumpindua wa juu.

Kazi ya wa juu ni kuivuka miguu hiyo afike ubavuni. Kwenye sheria za IBJJF, akifika na kutulia sekunde 3 anapata pointi 3. ADCC, mashindano ya no-gi yaliyoanzia Abu Dhabi mwaka 1998, nayo inatoa 3.

No-gi ni kucheza bila koti, hakuna kola wala mkono wa nguo wa kushika. Kwa joto la Mbezi Beach, dakika chache tu mwili mzima umelowa jasho na vidole vinateleza. Kinachobaki ni uzito, kichwa na mikono iliyofungwa vizuri.

Ndiyo maana anayejifunza Dar angeanza na kukumbatia kiuno. Mmarekani Gordon Ryan, bingwa wa ADCC mara kadhaa, ameitumia sana njia hii. Mikono inazunguka kiuno cha mpinzani na kufungana mgongoni, kiganja kwa kiganja, vidole visipishane. Kichwa kinabana kifuani. Nyonga zikishafungwa, miguu inapoteza nguvu. Hapo wa juu anachomoa mguu wake mmoja, kisha wa pili, taratibu, bila kuachia mikono. Haina mbwembwe, lakini jasho haliisumbui sana.

Toreando ndiyo inayopendeza macho. Wa juu anashika vifundo au magoti, anaisukuma miguu upande mmoja na kuzunguka upande wa pili. Bega lisiposhuka haraka, mpinzani anageuka na gadi inarudi palepale. Kwenye mchanga wa ufukweni inachosha zaidi, maana miguu inazama kila hatua.

Ya tatu ni kukata kwa goti: goti linateleza juu ya paja la mpinzani kwenda chini, huku mkono mmoja ukiwa umepita chini ya kwapa lake. Kwapa hilo likikosekana, jamaa anaingia mgongoni.

Wanaoanza hukabwa kwa makosa yaleyale. Mkono mmoja ukiwa ndani ya miguu ya mpinzani na mwingine nje, anafunga pembetatu shingoni. Mikono yote iwe ndani au yote nje. Kichwa kikiinama bila kubana popote, kinazungushiwa mkono na kukabwa. Kabali ikikaa sawasawa, mtu huzimia ndani ya sekunde chache, hivyo kugonga mapema si aibu.

Hatari zaidi ni kuzungushwa kisigino. Mishipa ya goti inaweza kukatika kabla maumivu hayajasikika. IBJJF iliiruhusu mwaka 2021 tu, kwa watu wazima wa mikanda ya kahawia na nyeusi kwenye no-gi. Mgeni akishikwa kisigino asijitutumue kukichomoa. Agonge, waanze upya.

Na baada ya mazoezi ni kuoga kwa sabuni na kufuta mikeka. Choa huenea kwa ngozi kugusana, na no-gi ni ngozi kwa ngozi.