Muhogo Mchungu Katika Nchi ya Mkonge

Ngombezi, kando ya Korogwe, ni jina la mkonge. Zao hilo liliingia nchini mwaka 1893, Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu na kupandwa Pangani. Nusu karne baadaye mashamba ya Korogwe yalihitaji watu wengi kuliko waliopatikana karibu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua kutoka wilaya za mbali, Songea ikiwa mojawapo. Walioletwa waliitwa manamba, kwani kila mmoja alipewa nambari. Kazi yao iliandikwa kwenye kipande: hadi zitimie siku thelathini za kazi, mshahara haukulipwa.

Katika wilaya hiyohiyo ya Songea, kijiji cha Matepwende, alizaliwa mwaka 1926 Rashidi Mfaume Kawawa, mwana wa mwindaji wa tembo. Wengi wa rika lake walitoka kwao wakiwa na nambari. Yeye alitoka na daftari. Alisoma Liwale, kisha Dar es Salaam, na hatimaye Tabora, shule iliyolea wakubwa wengi wa baadaye. Hakwenda Makerere. Aliingia kazi ya serikali, akafika katika idara ya ustawi wa jamii, na huko akakutana na sinema ya kutembezwa kwa gari: kitambaa cheupe, jenereta, kipaza sauti, na umati uliokaa chini gizani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliiajiri kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili. Kawawa akawa mchezaji mkuu. Ndipo zilipotoka Muhogo Mchungu, Meli Inakwenda na Chalo Amerudi. Watazamaji waliozoea kuwatazama Wahindi na Wamarekani sasa walimwona mwenzao, akisema lugha yao, na sifa zake zikavuma.

Katika Muhogo Mchungu alikuwa mtu wa shamba aingiaye mjini na kuvuliwa alicho nacho. Watu walicheka, na kicheko kilikuwa halali, maana mchezaji alikuwa hodari. Lakini funzo lilikuwa la waliolipia filamu: mshamba, kaa kwenu. Ajabu ni kwamba nchi hiyohiyo iliwahamisha washamba kwa maelfu, mradi waishie kwenye mkonge. Filamu ilimcheka aliyeondoka kwao. Haikuuliza ni nini kilichomwondoa.

Swali hilo Kawawa alilikuta nje ya sinema. Mwaka 1953 alitumwa Urambo kuwahudumia Wakikuyu waliozuiliwa huko. Akaongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, akawa katibu mkuu wake. Uso uliokwisha kujulikana gizani ukaanza kusikilizwa mchana. Mwaka 1958 migomo ilitikisa mashamba ya mkonge, shughuli iliyoajiri watu wengi kuliko nyingine yoyote nchini, na mgomo wa Mazinde, wilayani Korogwe, uliendelea kwa zaidi ya miezi miwili. Manamba walikuwa wamepata sauti, na shirikisho lililowasemea lilikuwa lake.

Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu. Mwaka huohuo zikapitishwa sheria zilizobana migomo na vyama. Januari 1963, yeye akiwa Makamu wa Rais, Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba, alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Mwaka 1964 TFL ikavunjwa, ikaja NUTA iliyo chini ya serikali. Wenye kuitetea hatua hiyo husema nchi changa haikuweza kustahimili migomo. Nayo ni hoja. Lakini mkata mkonge wa Ngombezi aliambiwa tena, safari hii na mtu wa kwao, atulie mahali pake.

Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009, akiheshimiwa kwa jina la Simba wa Vita. Historia humkumbuka kama kiongozi, na sinema zake huzitaja kama mzaha wa ujana. Zastahili zaidi ya hapo. Muhogo mchungu huliwa baada ya kulowekwa na kuanikwa. Anayeupika bila subira hudhurika. Ndivyo ilivyo kwa maisha haya pia: asiyetaka uchungu wake hataupata ukweli wake.