Habari za Kunawa Mikono

Kiswahili hupambanua sana kazi za maji. Nguo hufuliwa, vyombo huoshwa; mtu huoga mwili, bali mikono na uso hunawa. Na neno hili kunawa ni tendo limrudialo mwenye kulitenda. Akimtendea mwingine, husemwa amemnawisha. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba faida yake ni ya mwenye kunawa peke yake. Habari za Vienna, mji mkuu wa Austria, zaonyesha kwamba sivyo.

Hospitali kuu ya mji ule ilikuwa na nyumba mbili za wazazi: moja ya matabibu na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Mwaka 1846, katika kila wanawake 100, yapata 11 walikufa katika nyumba ya matabibu, wengi wao kwa homa ya uzazi. Katika ile ya wakunga hawakufika 3. Wanawake walilia wasipelekwe kwa matabibu.

Hata Machi 1847, tabibu Jakob Kolletschka alijeruhiwa kwa kisu cha mwanafunzi penye kupasua maiti, akafa, na dalili zake zilifanana na za wale mama. Ndipo rafiki yake, Ignaz Semmelweis wa Hungaria, alipofahamu. Matabibu walitoka kupasua maiti wakaenda kuwashika wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Wahenga walinena, Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa vidoleni.

Je, hawakunawa? Walinawa kwa sabuni, lakini harufu ya maiti ilibaki. Basi mwezi wa Mei Semmelweis akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mama. Aprili walikufa 18 katika kila 100. Juni wakafa 2 tu.

Walakini matabibu wengi walikataa. Ilikuwa vigumu kwa watu wenye heshima kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Tena vijidudu vya ugonjwa ule vilikuwa havijajulikana. Semmelweis alikufa mwaka 1865 katika nyumba ya wenye wazimu. Mwaka 1879 Louis Pasteur alivionyesha vijidudu hivyo huko Paris.

Katika desturi ya pwani, mwenyeji humimina maji kwa birika juu ya mikono ya mgeni, nayo machafu huanguka katika bakuli. Desturi hii yapita ile ya wote kuchovya mikono katika bakuli moja, ambapo wa mwisho hupokea uchafu wa wenziwe. Yafaa tuiongezee sabuni. Tena tunawe si kabla ya kula tu, bali pia tutokapo chooni, na kabla ya kupika au kumpakata mtoto mchanga. Mwanafunzi anawaye kwa kuogopa kukemewa hunawa akitazamwa. Afahamuye kwamba anamlinda ndugu yake mdogo nyumbani, huyo atanawa hata akiwa peke yake.