Mkonge wa Tanga na Kamba ya Plastiki

Tunapozungumzia mashine na ajira, mawazo yetu hukimbilia kiwandani: mashine imeingia, kibarua ametoka. Historia ya mkonge yatuonyesha kwamba uvumbuzi waweza kumnyima mtu kazi bila yeye kuuona kamwe.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukitokea Florida. Wakati huo wakulima wa Marekani walikwisha kupata mashine iliyokata ngano na kuifunga matita kwa kamba. Mashine hiyo iliwaondoa vibarua wengi mashambani kwao. Lakini ilihitaji kamba nyingi mno, na hitaji hilo likaeneza mkonge Tanga hata Morogoro. Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, hata watu wa Burundi, wakaja kuukata. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Kazi ilikuwa ngumu na ujira mdogo. Tusiipambe leo kwa sababu tu imepotea. Hata hivyo, ujira huo ndio uliolipa kodi na kununua nguo. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani, ikiongoza dunia nzima.

Kumbe miaka kumi kabla, mwaka 1954, Giulio Natta wa Italia alikuwa amefanikiwa kutengeneza polipropilini, plastiki iwezayo kusokotwa kuwa kamba. Mwaka 1963 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli pamoja na Karl Ziegler. Kamba hiyo ilikuwa nyepesi, haikuoza, tena bei yake nafuu. Wengi hulaumu kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967, na lawama hiyo haikosi ukweli. Ila bei ya katani ilikuwa imekwisha kuanza kuporomoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa karibu tani 20,000 tu.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba teknolojia ni msaidizi wa mtu, nayo yaweza pia kugeuka kuwa adui yake. Kwa mkulima wa Ulaya kamba ya plastiki ilikuwa msaidizi. Gharama ilimwangukia manamba, ambaye wazao wake wengi wangali Tanga hadi leo.

Sehemu kubwa mno ya jani la mkonge si nyuzi, na kwa miaka mingi mabaki hayo yalitupwa. Huko Hale, katika miaka ya 2000, yalianza kutoa gesi ya kuzalishia umeme. Na safari hii mtambo ulijengwa pale pale mkonge unapokatwa.