Nyambizi za msaada kwa wapiganaji wa msituni Ufilipino (1943–1945)

Safari za siri ambazo nyambizi za Marekani zilifanya kutoka Australia, zikiwapelekea watu, redio, silaha na dawa Wafilipino walioendelea kupigana baada ya Wajapani kuitwaa nchi yao mwaka 1942. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni safari 41 za nyambizi 19: watu 331 walishushwa, 472 wakaondolewa, na shehena ilifikia takriban tani 1,325.

Uendeshaji

Januari 1943 Gudgeon ilimshusha rubani Mfilipino Jesús Villamor katika kisiwa cha Negros. Machi, Tambor ilimfikisha Mindanao Chick Parsons, mfanyabiashara wa Manila aliyekuwa ofisa wa akiba wa jeshi la majini, akaonane na Wendell Fertig, kamanda wa wapiganaji wa kisiwa hicho. Parsons ndiye aliyekuwa mhimili wa kazi yote. Mwanzoni mizigo ilikuwa michache; Novemba 1943 ilianza kutumika Narwhal, na baadaye Nautilus, nyambizi kubwa kuukuu zilizobeba mizigo mingi zaidi. Narwhal ilipotia nanga Nasipit, Mindanao, bendi ya Wafilipino iliipokea kwa muziki.

Thamani ya safari hizo

Wapo wanaosema msaada huu ulikuwa tone baharini, na kwa uzito hoja yao ina nguvu: meli moja ya mizigo ya wakati ule ingebeba shehena yote ya miaka miwili na kubaki na nafasi. Lakini tani ni kipimo kibaya hapa. Kilichobadilisha vita ni redio, ambazo zilienea hadi vituo zaidi ya 100 vya kuripoti mienendo ya manowari za Kijapani. Aidha, nyaraka za mpango wa vita wa Japani, zilizonaswa na wapiganaji wa Cebu baada ya ndege ya Admirali Fukudome kuanguka Aprili 1944, zilitoka Negros ndani ya Crevalle mwezi uliofuata. Nyambizi haikuleta ushindi huo. Ilibeba matunda ya jeshi shupavu ambalo Wafilipino walikuwa wamekwisha kuliunda wenyewe, na ni wanakijiji waliopakua mizigo usiku kwa bangka, ngalawa za huko, wakijua adhabu ya kukamatwa. Pingamizi zito zaidi ni la mgao. Redio na bunduki zilimthibitisha kamanda aliyekubaliwa na Jenerali MacArthur wa Marekani. Mindanao ilineemeka, Luzon ikapata kidogo, na Wahukbalahap wenye mrengo wa kikomunisti wakaachwa nje. Msaada ulijenga mamlaka, si upinzani peke yake.

Hasara

Seawolf ilipotea Oktoba 1944 ikielekea Samar na takriban watu 100, pengine kwa mashambulizi ya manowari ya Marekani yenyewe.

Baada ya vita

Sheria ya Marekani ya 1946 iliwanyima Wafilipino wengi waliopigana mafao ya askari. Nishani ya Dhahabu ya Bunge la Marekani ilitolewa kwa heshima yao mwaka 2017.