Hesabu ya Wafu na Afya ya Walio Hai

Kuhesabu wafu ni kazi ya huzuni, na mtu aifanyaye aghalabu hudhaniwa kuwa anajishughulisha na jambo lisilo faida, maana aliyekufa hafufuki kwa kuhesabiwa. Historia ya mji wa London yaonyesha kinyume cha dhana hiyo. Katika mji ule daftari la vifo lilikuwa silaha ya kuwatetea walio hai, ingawa ilipita miaka zaidi ya mia mbili kabla watu hawajajua kulisoma sawasawa. Insha hii yakusudia kueleza jinsi habari hizo zilivyokusanywa, jinsi zilivyotumiwa, na kwa nini hesabu peke yake haikutosha.

Mwanzo wake ulikuwa hofu ya tauni. Tangu mwisho wa mwaka 1603 makarani wa parokia walitoa kila juma, bila kukatiza, orodha ya waliozikwa na sababu za vifo vyao. Sababu hizo zilitafutwa na wanawake wazee, aghalabu maskini, walioajiriwa kwenda kutazama kila maiti na kutoa habari ya ugonjwa uliomwua. Wenye mali walizisoma orodha hizo wapate kujua wakati wa kuukimbia mji. Maskini, asiye na pa kukimbilia, aliingia katika orodha bila ya kuisoma.

Mwaka 1662 John Graunt, mfanyabiashara wa nyuzi na vifungo, ambaye hakuwa daktari wala mwanachuo, alitoa kitabu juu ya orodha hizo. Alizijumlisha za miaka mingi, akaona mambo ambayo juma moja haliwezi kuonyesha: ya kuwa wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana, ya kuwa katika kila watoto 100 waliozaliwa, 36 hivi walikufa kabla ya kutimiza miaka sita, na ya kuwa wakazi wa London, ambao wengine walidai ni mamilioni, walikuwa kiasi cha 384,000. Lakini sifa yake kubwa zaidi ni kuwa aliishuku hesabu aliyoitegemea. Alifahamu kwamba kaswende ilionekana kwa uchache katika orodha kwa sababu wanawake wale walipewa rushwa na jamaa za marehemu waliotaka kuisitiri aibu. Hivyo tangu mwanzo elimu hii ilizaliwa pamoja na swali lake la lazima: ni nani aliyeandika, na ni nani aliyekuwa na sababu ya kuficha?

Mwaka 1837 vizazi na vifo vilianza kuandikishwa Uingereza kwa sheria, na tangu 1839 William Farr alifanya kazi ya kuzipanga habari hizo katika Ofisi Kuu ya Uandikishaji. Kipindupindu cha 1848 na 1849 kilipoua watu wapatao 14,000 katika London, Farr alilinganisha wilaya na wilaya, akaona kuwa kadiri mahali palivyoinuka juu ya mto Thames, ndivyo vifo vilivyopungua. Hesabu yake ilikuwa kweli, lakini tafsiri yake ilipotoka. Kama madaktari wengi wa zama zake, aliamini kuwa uvundo wa hewa ya mabondeni ndio uliokuwa ukiua. Twajifunza hapa kwamba tarakimu husema ukweli bila kusema sababu, na mwenye kuzisoma huweza kuziongezea imani aliyokuja nayo.

Daktari John Snow alikuja na imani nyingine. Tangu 1849 alikuwa akishikilia kuwa ugonjwa huu hunywewa katika maji. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 kipindupindu kilizuka kwa ukali karibu na Broad Street, katika mtaa wa Soho. Snow alikwenda katika Ofisi ya Uandikishaji akaomba orodha ya waliokufa. Alipata vifo 83 vya siku tatu, pamoja na mahali walipokaa wafu hao. Kisha akafanya jambo ambalo karatasi haiwezi kufanya: akaenda kubisha milango. Karibu wote walikaa jirani na bomba la kisima cha Broad Street. Vifo kumi tu vilitokea katika nyumba zilizokuwa karibu zaidi na bomba jingine. Na hata katika hivyo, jamaa za watano walimwambia kuwa walizoea kuchota Broad Street, na watatu walikuwa watoto waliosoma karibu na hapo.

Alitafuta pia habari za waliosalimika. Nyumba ya maskini iliyokuwa pale pale, yenye watu 535, ilipoteza watu watano tu, kwa kuwa ilikuwa na kisima chake. Katika kiwanda cha pombe, wafanyakazi zaidi ya 70 hawakufiwa na hata mmoja. Wao walipewa pombe, wala hawakuhitaji maji ya barabarani. Tarehe 7 Septemba Snow aliwaeleza wakuu wa parokia aliyoyaona, na siku ya pili mpini wa bomba ukaondolewa. Yeye mwenyewe alikiri kuwa ugonjwa ulikuwa umekwisha anza kupungua, maana watu wengi walikuwa wamekimbia. Ukweli huo haukumpunguzia heshima, bali ulimzidishia.

Mwaka ule ule alifanya uchunguzi mkubwa zaidi kusini ya mto. Huko kampuni mbili ziliuza maji katika barabara zile zile. Ile ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuchotea, ikapanda juu ya mto mwaka 1852. Ile ya Southwark na Vauxhall iliendelea kuchota katikati ya uchafu wa mji. Wapangaji wengi hawakujua maji yao yatoka wapi, kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyelipa. Snow akayapima maji kwa dawa ya kuonyesha chumvi, akazitambua kampuni. Katika majuma saba ya kwanza, kila nyumba 10,000 za Southwark na Vauxhall zilipata vifo 315. Za Lambeth zilipata 37.

Hata hivyo kamati ya serikali ilimkatalia mwaka 1855. Aliyeithibitisha kazi yake katika Soho alikuwa kasisi kijana, Henry Whitehead, ambaye mwanzo alikusudia kumkosoa. Kasisi huyu aliwajua watu wa mtaa kwa majina, akazirudia nyumba zao mara nyingi, mpaka akamgundua mtoto mchanga aliyeugua katika nyumba namba 40, ambaye maji ya kufulia nguo zake yalimwagwa katika shimo la uchafu lililo karibu na kisima. Shimo lilipofukuliwa, matofali yake yalionekana yameoza, na uchafu ukipenya kuelekea kwenye maji. Snow alikufa mwaka 1858. Ugonjwa uliporudi mwaka 1866 katika mashariki ya mji, Farr mwenyewe ndiye aliyetumia hesabu zake kuishtaki kampuni ya maji, naye akaiacha imani yake ya kale. Ni vigumu kutaja ushindi wa elimu ulio mzuri kuliko huo, wa mtu kushindwa na daftari lake mwenyewe akakubali.

Pwani yetu nayo ina sehemu katika habari hizi. James Christie, daktari aliyekaa Unguja, aliuona ugonjwa huo mwaka 1869 na 1870, na mwaka 1876 alitoa kitabu cha kueleza njia ulizopita katika Afrika ya Mashariki tangu 1821. Yeye hakuwa na ofisi ya kumpa orodha. Daftari lake lilikuwa vinywa vya wasafiri wa misafara na vya mabaharia.

Mji wowote utakao kulinda afya za watu wake wahitaji karani mwaminifu, mchunguzi mwenye shaka, na jirani ajuaye milango. Akikosekana wa kwanza, wafu hupotea. Akikosekana wa pili, hesabu hudanganya. Akikosekana wa tatu, ukweli hubaki ofisini, na watu huendelea kuchota maji yale yale. Mtaa ambao wafu wake hawaandikwi hauna wa kumshtaki anayewaua.