Aliyeshika Namba Moja Akanung'unika

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya mtu aliyeshika namba moja nchini Marekani na bado akanung'unika. Mtu huyo ni Tom Scholz wa bendi ya Boston, na kilichomuudhi ni santuri yao ya pili, Don't Look Back, iliyotoka Agosti 1978.

Scholz hakutokea kwenye mabaa. Alikuwa mhandisi, msomi wa chuo cha MIT, na mchana alifanya kazi katika kampuni ya Polaroid, ile ya kamera za picha za papo hapo. Mshahara aliutia kwenye mitambo ya kurekodia, akaifunga katika chumba cha chini ya nyumba huko Watertown, Massachusetts. Humo akapiga mwenyewe magitaa, besi na kinanda, sauti juu ya sauti, na Brad Delp akaimba. Kampuni ya CBS ilipotaka kazi irudiwe kwenye studio kubwa, wenzake walipelekwa Los Angeles ionekane wanarekodi huko, kumbe yeye anaendelea nyumbani kwake. Kila nikikumbuka hila ile, nacheka. Santuri hiyo ya kwanza, ya mwaka 1976, imeshapita nakala milioni 17 Marekani peke yake.

Sasa wenye mali wakataka nyingine, upesi, jina likiwa bado la moto. Siku zile bendi nyingi zilitoa santuri kila mwaka. Scholz naye alikuwa mtu wa kurudia kipande kimoja cha gitaa mpaka aridhike, na kuridhika kwenyewe kulikuwa kwa nadra. Baada ya miaka miwili akaiachia kazi kwa shingo upande. Ikapanda hadi namba moja, na mauzo yake Marekani yamefika milioni 7. Mwenyewe alilalamika kuwa alisukumwa, kwamba santuri ni fupi mno na ilihitaji wimbo mwingine.

Je, alikuwa na haki? Nyimbo ni nane, dakika hazifiki 35. Upande wa kwanza sina la kusema: A Man I'll Never Be unaanza na piano ya upole, unakua taratibu, na baada ya dakika sita bado hujauchoka. Geuza upande wa pili, usikilize Party. Ni wimbo mzuri, lakini utadhani ni mdogo wake Smokin' wa santuri ya kwanza, tena kavaa nguo za kakaye. Hapo namwelewa.

Akaapa hatasukumwa tena. Mwaka 1983 CBS ikamshtaki kwa kuchelewesha kazi, ikidai dola milioni 60, na malipo yake ya mauzo yakazuiwa. Kilichomsaidia ni uhandisi. Mwaka 1982 alikuwa ametoa Rockman, kisanduku kidogo cha kuning'iniza kiunoni: mpigaji anachomeka gitaa, anavaa vifaa vya masikioni, anasikia mlio mzito kama wa studio bila kumwamsha jirani. Vikauzika sana kwa wapigaji. Kesi ilikuja kuisha mwaka 1990, Scholz akashinda.

Lakini tusiilaumu kampuni tu. Kulikuwa na wengine waliokuwa wakingoja, na hao hawakuwa na kiwanda cha visanduku. Mpiga gitaa Barry Goudreau alitoa santuri yake mwenyewe mwaka 1980, Delp akaiimbia, na mwaka uliofuata Goudreau akawa nje ya Boston. Mwanamuziki asipopiga hali. Scholz alipigania muda wake kwa haki, ila muda huo ulikuwa wa wenzake pia, na sijasikia kwamba waliulizwa.

Santuri ya tatu, Third Stage, ilitoka 1986 kwa kampuni nyingine, MCA, miaka minane baada ya ile ya pili. Nayo ikashika namba moja. Kati ya wanabendi watano wa mwaka 1978, waliokuwa wamebaki ni Scholz na Delp.