Kanuni ya 18: Mapadri walipoacha kubariki moto

Sisi tunaosoma sheria za Eklezia mara nyingi tunafikiri kwamba kanuni za Konsilio za zamani ni maneno ya vitabu tu. Tunazishika kwa akili kusudi tupite mtihani, kiisha tunazisahau. Leo tunataka kueleza kanuni moja ya mistari michache, iliyogeuza tribinali za Ulaya nzima. Nayo iliwakataza mapadri jambo moja: wasibariki tena moto na maji ya hukumu.

I. Hukumu ya Mungu

Zamani zile, mtu aliposhitakiwa juu ya kuua ama kuiba, na mashahidi hawapo, watu wa Ulaya walimwachia Mungu kesi. Desturi hiyo waliiita hukumu ya Mungu. Sisi watu wa Kongo tusiwacheke, kwani wazee wetu walijua mwavi: aliyetapika alihesabiwa mwema, aliyekufa alihesabiwa mchawi.

Huko Uingereza mshitakiwa alifunga siku tatu, akasikiliza Misa, na padri akabariki chuma cha moto. Mtu alikichukua mkononi kwa hatua chache. Mkono ulifungwa kitambaa, na siku ya tatu ulifunguliwa. Kidonda kikiwa safi, hana kosa. Kikioza, ana kosa. Wengine walifungwa kamba na kushushwa katika maji yaliyobarikiwa. Aliyezama alikuwa mwema, maana maji yalimpokea, wakamvuta juu. Aliyeelea alihukumiwa.

Tuangalie vema: pasipo padri, hukumu hiyo haikuweza kufanyika. Ni baraka yake iliyofanya chuma kiwe kama ulimi wa Mungu.

II. Mashaka yanaanza

Wakati wa mfalme William II (1087–1100), watu 50 walishitakiwa kwamba wameua nyama wa pori la mfalme. Wote walichukua chuma, na mikono ya wote ilionekana mizima. Mfalme alikasirika sana, akasema hataachia tena kesi zake hukumu ya namna ile. Kiisha, mwaka 1166, mfalme Henry II aliamuru huko Clarendon kwamba watu 12 wa kila wilaya waape na kutaja wanaodhaniwa kuwa wauaji na wezi. Hao walipelekwa majini. Lakini hata aliyepokewa na maji, kama majirani wote walimwita mbaya, alilazimishwa kutoka katika ufalme. Basi, mfalme mwenyewe hakuyasadiki maji kabisa.

Huko Paris mwalimu mmoja wa teolojia, Pierre le Chantre, aliyekufa mwaka 1197, alipiga vita juu ya desturi hiyo. Kristu jangwani alikataa kumjaribu Mungu. Namna gani basi sisi tumdai mwujiza kila mara tribinali inapokosa mashahidi? Alisimulia habari ya watu wawili waliokwenda kuhiji Yerusalemu. Mmoja alirudi peke yake, akashitakiwa kwamba amemwua mwenzake. Maji yakamhukumu, akatundikwa. Siku si nyingi mwenzake alirudi, mzima kabisa.

III. Mwaka 1215

Papa Innocent III alikuwa amesoma Paris. Mwezi wa Novemba 1215 aliwakusanya maaskofu zaidi ya 400 katika Konsilio ya nne ya Laterano. Kanuni ya 18 iliwakataza wakleri kutoa hukumu ya damu, na kubariki chuma cha moto, maji ya moto ama maji ya baridi ya hukumu. Konsilio haikuwaagiza wafalme wafunge tribinali zao. Iliondoa mkono wa padri tu, na desturi ya miaka mingi ikaanza kuanguka.

IV. Njia mbili

Sasa mahali pale palibaki patupu. Mtu ameshitakiwa, mashahidi hawapo, chuma hakibarikiwi: afanyiwe nini?

Huko Uingereza, mwezi wa Januari 1219, wazee waliotawala kwa jina la mfalme kijana Henry III waliwaandikia waamuzi kwamba Eklezia ya Roma imekataza hukumu ya moto na ya maji. Waliodhaniwa kufanya makosa makubwa wawekwe gerezani. Wa makosa ya katikati watoke katika ufalme. Wa makosa madogo watoe wadhamini. Mambo mengine waamuzi wayapime wenyewe. Waamuzi wakaanza kuwauliza majirani waliokwisha kuapa: Je, mtu huyu ana kosa ama hana? Hiyo ndiyo juri, na jina lake latoka katika neno la Kilatini la kuapa. Hukumu za waamuzi wa mfalme, waliozunguka nchi nzima, zilijenga sheria iliyoitwa sheria ya wote, kwa sababu ilipita desturi za kila wilaya. Wengi wa waamuzi hao walikuwa wakleri, kama Henry wa Bracton, aliyekufa mwaka 1268. Lakini juri nayo ilikuwa na ukali wake. Aliyekataa kuhukumiwa nayo alitiwa katika gereza gumu kwa sheria ya 1275. Baadaye waliweka mawe juu ya kifua chake mpaka akubali ama afe. Desturi hiyo iliondolewa mwaka 1772 tu.

Katika Italia na Ufaransa walishika njia nyingine. Walimu wa Bologna walikuwa wakifundisha sheria ya Roma ya kale, na kanuni za Eklezia zilizokusanywa na Gratian karibu na mwaka 1140. Kanuni ya 8 ya Konsilio hiyohiyo ya Laterano iliweka taratibu ya upelelezi: mshitakiwa awepo, aambiwe mashitaka, ajulishwe majina ya mashahidi na maneno yao. Ilikuwa taratibu nzuri. Lakini kwa kosa la kifo waamuzi walidai mashahidi wawili walioona kwa macho, ama ungamo la mshitakiwa mwenyewe. Na mwizi haibi mbele ya mashahidi wawili! Basi walitafuta ungamo, na kisha walilitafuta kwa mateso. Tusifiche neno: mwaka 1252 Papa Innocent IV aliruhusu mateso juu ya wazushi. Walakini tangu mwaka 866 Papa Nicolas I alikuwa amewaandikia Wabulgaria kwamba ungamo la kulazimishwa si ungamo.

V. Maana yake kwetu

Njia hizo mbili zilifika mpaka kwetu. Kongo ilipokea sheria ya Ubelgiji, kama amri ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888, inayofuata kitabu cha sheria cha Napoléon cha 1804. Uganda na Tanzania zilipokea sheria ya Waingereza, ambapo mwamuzi anatazama sana hukumu zilizotangulia.

Lakini fundisho kubwa ni jingine. Hata leo watu wanatujia: Padri, bariki maji haya tumjue mwizi, Mwalimu, tuombee tujue kama mtoto huyu ni mchawi. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu anayemshitaki mtoto juu ya uchawi. Na Eklezia ilikwisha kujibu mwaka 1215: baraka yetu si shahidi wa tribinali.

Walakini kukataa tu hakutoshi. Waliotoa moto Ulaya waliacha nafasi tupu, na pengine mateso yaliingia, sawa na nyumba ya Injili iliyofagiwa, pepo wabaya wakarudi. Tukikataa kubariki maji, tusiende kulala. Tukae na jamaa, tumsikilize mshitakiwa mbele ya wengine, tuulize nani aliona na aliona nini. Na kama hakuna aliyeona, tuwe na moyo wa kusema: Hatujui, basi mwacheni.